Mjadala: Antigua Barracuda walikosea kwenda ligi ya Marekani, au walikosea namna walivyokwenda?

Wakuu, heshima kwenu.

Jana kijiweni ulizuka ubishi: klabu ya nchi ndogo ikiona ligi ya kwao haiwakuzi wachezaji, iombe kucheza ligi ya nchi kubwa iliyo jirani, hata kama ni daraja la chini? Karibu wote walisema iende. Mimi nikawapa kisa cha Antigua Barracuda, kelele zikapungua kidogo. Nakileta hapa tukipasue.

Antigua na Barbuda ni nchi ya Karibi yenye watu wasiofika laki moja, na kwao mchezo wa kwanza ni kriketi. Klabu ilianzishwa 2010, na 2011 ikaingia USL Pro, ligi mpya ya daraja la tatu Marekani. Nyumbani ilicheza kwenye uwanja wa kriketi wa Sir Vivian Richards, uliojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Kombe la Dunia la kriketi la 2007, mwaka uleule tulioanza kuutumia wa kwetu wa Mkapa pale Temeke. Uwanja wa kriketi ni wa duara, kwa hiyo shabiki anakaa mbali na mstari. Ukitukana mshika kibendera hakusikii.

Sasa utamu. Kocha Tom Curtis, Mwingereza, alishika klabu na timu ya taifa kwa pamoja, na wachezaji wengi wa taifa walikuwa wa Barracuda. Yaani timu ya taifa ilikuwa kambini karibu mwaka mzima bila kuitwa kambi! Novemba 2011 wakaifunga Haiti 1-0 na kuingia hatua ya makundi ya mchujo wa Kombe la Dunia 2014 ambayo hawakuwahi kuifikia, pamoja na Marekani, Jamaica na Guatemala. Juni 2012 wakatoka 0-0 na Jamaica. Oktoba 2012 Marekani walikwenda kisiwani wakabanwa 1-1 hadi dakika ya 90, mshambuliaji wao Eddie Johnson akawaokoa kwa kichwa, 2-1.

Halafu uchungu. Msimu wa 2013 Barracuda hawakucheza hata mechi moja nyumbani. Mechi 26, zote Marekani. Wakafungwa zote 26. Hakuna hata sare ya kubahatisha. Msimu ulipoisha, klabu nayo ikaishia hapo.

Msimamo wangu: mpira haukuwaua. Waliuawa na nauli, na nauli ilianza kwa kula mechi za nyumbani. Niliwahi kushika daftari la hesabu la timu ya mchangani hapa Tanga iliyopanda hadi ligi ya mkoa na zaidi. Safari moja ya Bukoba, basi la kukodi, siku mbili njiani, ilimeza viingilio vyote vya mechi zetu za nyumbani msimu ule. Mshambuliaji wetu alishuka miguu imevimba, kiatu hakiingii, akacheza kipindi cha kwanza kafungua kamba. Na sisi tulikuwa ndani ya nchi moja. Mwenye kisiwa anapanda ndege kila mechi ya ugenini.

Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Mombasa: Mtoa mada, nauli ni nusu tu ya habari. Mchezaji wa Antigua anahitaji viza kuingia Marekani. Ukisajili winga leo, huwezi kumpanga Jumamosi. Wenyeji wanasajili asubuhi, jioni mtu anafanya mazoezi.

Mtoa mada: Kweli kaka, lakini angalia Puerto Rico. Wale wana pasipoti ya Marekani, hawajui foleni ya ubalozi. Mwaka huohuo wa 2011 waliingiza klabu tatu USL Pro: Sevilla, River Plate na Puerto Rico United. Ligi ilianza Aprili, Mei zote tatu zikawa nje. Viza hawakuihitaji, pesa haikuwepo.

Mdau wa Mombasa: Na hao haohao Puerto Rico walikuwa na klabu ya Islanders, kaka, usiwaruke. Wameanza 2004, mwaka 2008 wakaongoza msimamo wa ligi ya daraja la pili, kisha wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF (Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi) 2008/09. Cruz Azul ya Mexico iliwatoa kwa matuta. Walidumu hadi 2012. Kwa hiyo usiseme haiwezekani.

Mtoa mada: Sikusema haiwezekani. Islanders walikuwa na uwanja mjini Bayamón, mechi zao zikichezwa pale, watu wakija. Ndiyo hoja yangu hiyo.

Dada wa Morogoro: Mimi naona mnasahau kitu. Marekani hakuna kupanda wala kushuka kwa pointi. Nafasi unainunua. Sasa klabu ya kisiwani inagharamika vile ili ipate nini? Ukiwa bingwa wa daraja la tatu, mwakani uko palepale daraja la tatu. Bermuda Hogges, nao wa kisiwani, walifanya akili: waliingia ligi za Marekani 2007, mwaka 2010 wakahamia ligi ya chini zaidi ya vijana, isiyo ya kulipwa. Na mmoja wa wenye timu alikuwa Shaun Goater, yule wa Manchester City, si mtu asiyejua mpira.

Mtoa mada: Dada, hapo umenipiga. Ila Hogges nao hawakuvuka 2012.

Mdau wa Msimbazi: Timu isiyo na nyumbani inakufa? Al Hilal ya Omdurman je? Vita imewatoa Sudan, msimu wa 2024/25 wakacheza ligi ya Mauritania kama wageni. Novemba 2024 wakaja kwa Mkapa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika wakawapiga majirani zangu Yanga 2-0 na kundi wakaliongoza. Wananchi mpo?

Mdau wa Jangwani: Tuliwafuata Nouakchott tukawafunga 1-0, hilo umelisahau makusudi.

Mtoa mada: Tusiharibu uzi na utani wa jadi. Al Hilal ni klabu kubwa yenye matajiri nyuma yake, na Nouakchott ndiyo ilikuwa nyumbani kwao: kambi moja, kitanda kilekile, mechi ya Afrika wakimkaribisha mgeni palepale. Barracuda wa 2013 walikuwa wanabeba mabegi mji hadi mji. Na wapenzi wao kisiwani, waliouona uwanja ukiimba dhidi ya Haiti, mwaka mzima wakawa wanasoma matokeo kwenye simu.

Ningekuwa mimi kiongozi wao, kabla ya kusaini ningedai jambo moja liandikwe: mechi za nyumbani zichezwe nyumbani, na gharama ya mgeni kuja kisiwani igawanywe na ligi nzima. Wakikataa, nabaki na ligi yangu ya kisiwani.

Dada wa Morogoro: Wangekukataa, na lile bao la kuifunga Haiti usingelipata.