“Inawaka” si jibu! Wauzaji wa skrini Lubumbashi, tuambieni ndani kuna chipu gani

Wakubwa kwa wadogo, salamu. Uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza sauti.

Katika butiki zetu za vifaa vya elektroniki hapa Lubumbashi, ukiuliza skrini ya mradi wa Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, unaoneshwa kimfuko cha nailoni kisicho na maandishi yoyote. Unaambiwa: inchi 1.3, ya Arduino, inawaka. Ukiuliza kontrola yake, yaani chipu inayoiendesha, ni ipi, unatazamwa kama mtu aliyekuja kutafuta ugomvi. Ukirudi kesho na skrini iliyojaa chenga, unaoneshwa karatasi ukutani: kilichouzwa hakirudi. Na bei ni ya dola, imeshabeba meli, bandari, lori na ushuru wa mpakani Kasumbalesa. Huko ni sawa na kuuza dawa bila jina kwenye pakiti. Mwanafunzi wa polytechnique anayetengeneza kipimo cha maji ya tangi hana makuta ya kununua mara mbili.

Nianze na hilo neno “inawaka”, maana linadanganya watu kuliko yote. Skrini za rangi za TFT zina taa ya nyuma inayojitegemea. Ukiipa umeme inageuka nyeupe hata kama kontrola imeshakufa. OLED ni kinyume: haina taa ya nyuma, kwa hiyo hata nzima kabisa inabaki nyeusi tii mpaka maikrokontrola (chipu ya bodi yako yenye programu) iitumie amri za kuianzisha. LCD ya 16x2 nayo ikipata umeme peke yake inaonesha mstari mmoja wa vibonge vilivyojaa, yaani bado haijaanzishwa. Muuzaji anayegusisha waya mbili na kusema “si unaona?” hajapima kitu.

Sasa OLED, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaumia. Ile ndogo ya inchi 0.96 mara nyingi ina kontrola ya SSD1306, na ile ya 1.3 mara nyingi ina SH1106. Pini ni nne zilezile, pikseli 128 kwa 64, anwani ya I2C (mawasiliano ya nyaya mbili) ileile 0x3C. Hata programu ya kusaka anwani haiwezi kuzitofautisha. Lakini memori ya SH1106 ina safu wima 132, na kwenye moduli hizi kioo kimeungwa kwenye 128 za katikati. Programu ya SSD1306 inaandika kuanzia safu 0, kioo kinaonesha kuanzia safu 2. Unapoteza pikseli mbili za kushoto, na ukingo wa kulia unabaki na mistari miwili ya takataka. Ukitumia laibrari (programu iliyoandikwa tayari) ya Adafruit_SSD1306 ni balaa zaidi: yenyewe inatuma picha nzima kwa mfululizo, ikitegemea chipu iruke yenyewe kwenda ukurasa unaofuata. SH1106 haina uwezo huo. Data yote inarundikana kwenye ukanda mmoja, kwingine ni chenga. Mtu anaamini amepewa moduli mbovu, anaitupa, kumbe ni nzima! Dawa ni kubadilisha mstari mmoja wa laibrari ya U8g2:

U8G2_SH1106_128X64_NONAME_F_HW_I2C

au kutumia Adafruit_SH110X. Jina la chipu lingeandikwa kwenye mfuko, pesa ya huyo mtu isingepotea.

Na anwani: mgongoni mwa moduli nyingi imechapwa 0x78 na 0x7A. Usiziweke hivyo kwenye Arduino. Hizo zimehesabiwa pamoja na biti ya kusoma na kuandika. Kwenye programu 0x78 ni 0x3C, na 0x7A ni 0x3D.

Kuna jambo ambalo linanikera zaidi ya chipu. Moduli mbili za OLED zilizo kwenye kasha moja, moja ina mpangilio GND, VCC, SCL, SDA na nyingine VCC, GND, SCL, SDA. Muuzaji anakwambia “ni zilezile”. Si zilezile! Ukichomeka ya pili mahali pa ya kwanza umegeuza umeme, na moduli inaweza kuungua kabla hujaondoa kidole. Soma maandishi ya kwenye bodi yenyewe, kamwe usifuate picha ya intaneti.

Kuhusu memori, hapa nawalaumu wanaotoa ushauri ovyo. Arduino Uno ya kawaida (R3) ina baiti 2048 tu za RAM. Picha moja ya 128 kwa 64 inakula 1024. Laibrari ya Adafruit inaziomba wakati programu inaanza, kwa hiyo ile ripoti ya memori unayoiona baada ya kukompaili haizihesabu. Unaongeza kadi ya SD yenye bafa yake (memori ya kushikilia data kwa muda) ya baiti 512, ripoti inakwambia nafasi ipo tele, halafu skrini haiwaki au programu inajianzisha upya kila mara. Kwenye U8g2 badilisha _F_ iwe _1_, bafa inashuka hadi baiti 128, na uchoraji unauweka ndani ya firstPage na nextPage. Kama unataka maandishi tu, U8x8 haihitaji bafa kabisa.

Halafu TFT yenye kontrola ya ILI9341, zile bodi nyekundu za inchi 2.4 na 2.8. “Inakubali volti 5.” Uongo wa nusu! Pini ya VCC inaweza kukubali 5 kwa sababu bodi nyingi zina regileta ya kushusha volti. Lakini pini za mawasiliano zinakwenda moja kwa moja kwenye chipu ya volti 3.3. Ukiunga Uno bila kitu katikati, unapata nyeupe tupu, au inafanya kazi kwa muda halafu inakufa. Nyaya tano zinahitaji kushushwa: CS, RESET, DC, MOSI na SCK. Kwa kila moja weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka Uno, na ya kilo-omu 2 kwenda GND, utapata kama volti 3.3. Waya zikiwa ndefu mawimbi yanaharibika, afadhali chipu ya 74HC4050 iliyopewa umeme wa 3.3. MISO iache kama ilivyo.

Na msitarajie video humo. Pikseli 240 kwa 320, baiti mbili kila moja, ni baiti 153,600. SPI ya Uno, yaani njia inayopeleka data kwenye skrini, mwisho wake ni megahezi 8, kwa hiyo kujaza skrini mara moja hakuwezi kushuka chini ya sekunde 0.15, na kwa kweli inachukua zaidi. Chora upya sehemu iliyobadilika tu. Kama unataka kasi, nunua bodi ya ESP32, ambayo pia ni ya volti 3.3 na inakuondolea kazi yote ya rezista.

Wanaouza vioo vya simu “kwa ajili ya mradi”, hao sina la kuwaambia zaidi ya acheni. Vioo vya simu za kisasa vinawasiliana kwa njia ya MIPI DSI. Uno haina hiyo njia, ESP32 ya kawaida haina. Hakuna laibrari itakayoiokoa.

Fundi wa Kamalondo:
Yaya, nakuunga mkono, ila muuzaji mara nyingi hata yeye hajui. Mzigo unafika umechanganywa. Kwa LCD za I2C pia ongeza hili: anwani kwa kawaida ni 0x27 ikiwa chipu ya nyuma ni PCF8574, 0x3F ikiwa ni PCF8574A. Na kabla ya kusema imeharibika, zungusha kile kiskurubu cha bluu. Watu wanarudisha LCD nzima kwa sababu ya kontrasti.

Mwenye uzi:
Ndugu, hajui lakini aliagiza. Ukurasa alioagizia una jina la chipu, na fakitura inalo. Aandike kwa kalamu juu ya mfuko: chipu, volti, I2C au SPI, mpangilio wa pini. Na wewe mnunuzi, usitoe pesa kabla hujaviona hivyo vinne.

Polytech Kampemba:
Mimi naomba waweke ESP32 moja mezani yenye programu ya majaribio, dakika mbili tu mteja anaona picha. Ila wasitumie pini ya GPIO12 kwa waya wa skrini. Ikivutwa juu (ikipata volti 3.3) wakati wa kuwaka, kwa bodi nyingi chipu inachagua volti 1.8 kwa flashi (memori ya programu) na haianzi kabisa, halafu watasema tena skrini ndiyo mbovu. Na ile skrini ya rangi ya ST7789 ya 240 kwa 240 isiyo na pini ya CS, waipime kwa SPI_MODE3: tft.init(240, 240, SPI_MODE3). Bila hiyo inabaki nyeusi.

Mwenye uzi:
Vizuri. Yeyote aliyenunua skrini hapa mjini aweke picha ya mgongo wa bodi na ule mstari wa programu uliomfanyia kazi. Nitaziorodhesha juu ya uzi kwa jina la chipu. Msitaje butiki, bodi inatosha.