Naombeni ushauri: picha za babu za vita vya Burma

MjukuuWaKeya: Wakuu, marehemu babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, alipigana Burma (Myanmar ya leo) 1944. Ameacha albamu: askari wanasukuma lori kwenye matope ya bonde la Kabaw, moja ya studio Colombo, Sri Lanka, babu kasimama kama bwana harusi. Kuna mzungu mkusanyaji anaitaka yote. Bei halali ni ngapi? Sitaki kupunjwa, usingizi hauji.

Bi Mkasi: Bei baadaye. Usibandue picha kwa kisu, gundi ya zamani inang'oka na sura ya mtu. Piga kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, bila flashi. Majina andika nyuma kwa penseli, wino unapenya.

Mzee wa Busati: Umenikumbusha mbali. Babu yetu mdogo alikuwa kikosi cha mizinga. Walipanda meli ya Khedive Ismail Mombasa, nyambizi ya Wajapani ikaizamisha karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Mnara wao upo makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Picha hatuna hata moja. Bibi alikuwa akimshika baba mashavu, anatuambia, "Hapa ndiye yeye mtupu." Wewe unauza!

KofiaNgumu: Uza mkuu. Picha hailipi ada ya shule.

Bi Mkasi: Albamu iko kwa nani?

MjukuuWaKeya: Ni ya familia.

Bi Mkasi: Familia nani?

MjukuuWaKeya: Haya. Bibi yu hai, albamu iko sandukuni kwake. Lakini macho yake hayaoni, na tangu msiba hajaigusa. Kliniki nampeleka mimi, hao wengine hata simu hawapigi. Advansi nimeshapokea, nimemwezekea paa. Sijanywea pombe.

Ustadh Mpole: Mali ya mjane, kijana. Muogope Mungu.

Chaurembo: Chai hii, tena ya tangawizi. Askari wa Keya kamera kaitoa wapi? Na huyo bibi ana miaka mingapi, 120? Tutajie alama ya begani, najua utasema simba.

MjukuuWaKeya: Kichwa cha kifaru, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Picha alipiga ofisa wao, babu alikuwa dereva wake, akapewa nakala. Ipo hadi ya daraja la Kalewa kwenye mto Chindwin. Na bibi ni mke wa pili, aliolewa miaka mingi baada ya vita.

Chaurembo: Daraja la Bailey, lile la vyuma vya kuunganisha, futi 1,154. Hata mimi nimeligugo. Weka picha moja hapa tuamini.

MjukuuWaKeya: Mnunuzi kanikataza kuziweka mtandaoni.

KofiaNgumu: 😂😂 Chai imemwagika.

Bi Mkasi: Chai au si chai, amesema mke wa pili. Watoto wa mke mkubwa wanajua?

MjukuuWaKeya: Hao wana shamba lao.

Mzee wa Busati: Shamba si albamu. Mpwa wangu, rudisha hiyo advansi hata kwa kukopa.

MjukuuWaKeya: Shikamoo mzee. Kuirudisha siwezi, mabati yako juu. Ila nikimuuzia zile kurasa za nyuma tu, ambazo babu hayumo, hizo nazo mpaka nimuulize bibi?