Tupeane uzoefu: mtoto aliyekaa kisogo kikiwa mgongoni mwa mama kabla ya kuzaliwa

Mleta mada

Ndugu zangu, naileta mada hii kwa sababu kwa miaka mitatu nimebeba lawama ambayo sasa nashuku kwamba haikuwa yangu. Mimba yangu ya kwanza ilifika wiki ya 39 mtoto akiwa ametanguliza kichwa kama inavyotakiwa, lakini kisogo chake kiliegemea uti wa mgongo wangu na uso wake ukaelekea mbele, upande wa kitovu. Uchungu ulinishika kiunoni. Kila ulipokuja nilihisi kana kwamba ngumi inausukuma mfupa wa chini ya mgongo kutoka ndani, na ulipoachia, haukuachia wote. Nilikaa katika hali hiyo saa 26, na njia ilipofunguka sentimita 7 nilitaka sana kusukuma huku mkunga akinisihi nisisukume, kwa kuwa ilikuwa haijafunguka yote. Baadaye shangazi alinieleza mbele ya wageni kwamba nilijitakia mwenyewe, kwa jinsi nilivyokuwa nikijilaza kwenye kiti cha kuegemea. Waliopitia hali hii naomba watueleze: mtoto wako alikaa hivyo kwa sababu gani, na je, aligeuka?

Mchangiaji wa kwanza

Pole dada kwa uchungu, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa. Mimi ni mkunga, na mwanangu wa pili alikaa hivyo hivyo, kwa hiyo naandika kwa pande zote mbili.

Nyonga za wanawake hazifanani. Ipo yenye mlango wa mviringo, ambamo kisogo hupata nafasi mbele bila shida. Ipo iliyobana mbele na kutanuka nyuma. Na ipo iliyo ndefu kutoka mbele kwenda nyuma kuliko ilivyo pana kutoka kushoto kwenda kulia. Katika hizi mbili za mwisho kisogo, ambacho ndicho upande mpana wa kichwa, hufuata penye nafasi, na nafasi iko nyuma. Kondo la nyuma nalo lina sehemu yake: likijishika kwenye ukuta wa mbele wa mji wa mimba, mara nyingi zaidi mtoto huupa mgongo wake upande wa pili. Hali hii pia huonekana zaidi kwa wanaozaa kwa mara ya kwanza.

Kinacholeta ule urefu wa uchungu ni kidevu. Mtoto aliyekaa kisogo mbele huinamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua, na kipenyo kinachopita huwa kama sentimita 9.5. Aliyekaa kisogo nyuma hushindwa kuinama vizuri, hivyo kinachotafuta njia ni kipenyo cha sentimita 11 hivi au zaidi, na kichwa hakiikalii sawasawa shingo ya uzazi.

Kuhusu kiti, nitasema wazi kwa sababu nimeona akina mama wengi wakilia kwa ajili ya jambo hili. Wajawazito wa wiki za mwisho wamewahi kugawanywa katika makundi, kundi moja likapiga magoti na kushika sakafu kwa mikono kila siku, na wakati wa kuzaa milalo ya watoto haikutofautiana kati ya makundi hayo. Ikiwa kupiga magoti kwa bidii hakukumgeuza mtoto, sioni haki ya kukilaumu kiti. Mkao huo nautumia bado katika chumba cha kuzalia, kwa maana unapunguza maumivu ya kiuno.

Mchangiaji wa pili

Wangu aligeuka. Mkunga aliliona tumbo langu limebonyea karibu na kitovu, akapapasa akakuta viguu na vimikono mbele, na mapigo ya moyo akayasikia mbali, ubavuni. Alinieleza kwamba uchungu unapoanza, watoto 15 hadi 30 katika kila 100 huwa wamekaa hivyo, lakini wanaozaliwa hivyo hawazidi sana 5, kwa kuwa wengi huzunguka wenyewe wakikutana na misuli ya sakafu ya nyonga. Mume wangu alinikandamiza kiuno kwa viganja vyake usiku kucha, hadi mikono ikamtetemeka. Karibu na alfajiri nilihisi kitu kizito kikijiviringisha, maumivu yakahama kutoka mgongoni yakaja mbele, na baada ya muda mfupi nikaambiwa nisukume.

Mchangiaji wa tatu

Wangu hakugeuka. Alizaliwa uso ukitazama dari, nami nilichanika vibaya na kushonwa kwa muda mrefu. Ninachotaka mleta mada akijue ni kwamba mimba iliyofuata, kwa nyonga hii hii na kazi ile ile ya kukaa kutwa, mtoto alikaa kisogo mbele tangu mwanzo.

Mchangiaji wa nne

Mimi niliishia kwenye upasuaji. Daktari alijaribu kwanza kukigeuza kichwa kwa mkono, kikazunguka kidogo kisha kikarudi kilipokuwa. Nilikuwa nimechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, na nikaambiwa kwamba waliochomwa sindano hiyo hukutwa na mlalo huu mara nyingi zaidi, ingawa wapo wanaosema kwamba mlalo wenyewe, kwa ukali wa maumivu yake, ndio unaowafanya wanawake waiombe.

Mleta mada

Asanteni sana, ndugu zangu. Baada ya kumsoma mkunga nimekwenda kuitafuta karatasi ya picha ya tumbo ya mimba ile, nikaikuta ndani ya daftari la kliniki la mtoto. Katika mstari wa nne, kwa mwandiko wa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki, pameandikwa kwamba kondo liko ukuta wa mbele. Jioni hii nitampelekea shangazi aisome.