Kesi za uchaguzi: wakili mpya Malindi aanzie wapi?

Kijana wa Shela: Hamjambo mawakili. Nimeapishwa uwakili mwaka huu, nataka kubobea kesi za uchaguzi. Nianze na za ugavana au za MCA (mwakilishi wadi)?

Bi Wakili: Anza na za MCA, kaka. Zinasikizwa na hakimu, na dhamana ya gharama (pesa unazoweka kortini kulipia gharama ukishindwa) ni shilingi 100,000. Ya mbunge au gavana ni 500,000, tena Mahakama Kuu. Shika tarehe: ombi la kupinga matokeo ndani ya siku 28 tangu kutangazwa, dhamana ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha ombi, kumkabidhi mshtakiwa nakala yake ndani ya siku 15. Wengi huangukia hapo, si kwenye ushahidi. Mshtakiwa akijificha, tangaza kwenye gazeti la kitaifa, usimkimbize kwa mashua hadi Kiunga.

Mzee wa Korti: Naongeza. Kusanya fomu 36A, za matokeo ya MCA za kila kituo, kabla ya kuandika lolote, uzilinganishe na 36B, ya jumla ya wadi. Ukitaka kura zihesabiwe upya, taja vituo kwa majina na kasoro ya kila kimoja. "Wizi ulitapakaa wadi nzima" ni maneno ya jukwaani. Ombi lenyewe litaje matokeo na tarehe yalipotangazwa. Ukisahau, pingamizi hilo linakuja.

Kijana wa Shela: Shukran. Na miaka minne ya katikati nile nini?

Bi Wakili: Ardhi na mirathi, kama sote! Ila mizozo ya mchujo wa vyama huanza kabla ya uchaguzi. Pitia kwanza kamati ya chama, ndipo jopo la mizozo ya vyama.