Mrejesho: utafutaji, nyota na kihesabu cha wasomaji katika hifadhi yetu ya hadithi

Ndugu wadau, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini hifadhi yetu ya hadithi hapa Mtwara haikulipata neno "ng'ombe", kwa nini hadithi yenye kura moja ya nyota tano ilizipita zilizopendwa na wengi, na kwa nini kihesabu cha wasomaji kilipanda ovyo.

Utafutaji umetengemaa tangu tulipofanya ritifaa (alama iliyo baada ya "ng" katika "ng'ombe") iliyonyooka na iliyopinda zisomeke kama alama moja. Kukata viambishi ili "mvuvi" na "wavuvi" wapatikane pamoja kumefaulu nusu tu, kwani "maji" hubaki "ji" na majibu yakatawanyika. Sasa tunatumia orodha ya jozi za umoja na wingi, ambayo bado ni fupi.

Kuhusu nyota, kila hadithi huanza na kura chache za kuazima zenye wastani wa hifadhi nzima, ili kura moja pekee isiipandishe juu, na huu ndio ushauri uliotufaa kuliko yote.

Roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe, tumeziondoa kwenye hesabu ya wasomaji. Kuhesabu kwa anwani ya intaneti (IP), yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, nimekuacha, maana mitandao ya simu hupitisha wateja wengi katika anwani moja, hivyo msomaji wa Masasi na wa Mikindani wangeweza kuhesabiwa kama mtu mmoja. Tunatumia kidakuzi, yaani faili dogo linalowekwa kwenye kivinjari cha msomaji ili atambulike akirudi, ingawa anayekifuta huhesabiwa upya, na hilo halijapata dawa.