X nyekundu ukutani: gumzo la Majirani wa Njia ya Nyuma, Embakasi

*Jumanne*

06:41 Mama Zawadi: Majirani, mmeamka? Nimefungua geti nitoke na mandazi, nikakuta X nyekundu ukutani, ile alama ya kubomolewa. Rangi bado mbichi, imenishika kwenye leso.

06:44 Mzee Odhiambo: Hata kwangu. Na namba chini yake.

06:52 Baba Tito: Kuna kijana wa jaketi la kung'aa anazunguka na karatasi. Anasema tutie sahihi tu, ni ya kupima barabara.

06:53 Njeri Ploti 14: Baba Tito, tafadhali usitie! Piga picha hiyo karatasi uitume hapa.

06:57 Baba Tito: 📷 Picha

07:01 Njeri Ploti 14: Someni mstari wa mwisho: "nimekubali kuondoka kwa hiari." Hiyo si ya kupima. Asitie mtu sahihi.

07:03 Mzee Odhiambo: Lakini binti yangu, serikali ikitaka ardhi utaizuia na nini?

07:12 Njeri Ploti 14: Mzee, inaweza kuichukua, lakini si kwa rangi ya ukutani. Katiba, kifungu cha 40, inataka iwe kwa manufaa ya umma, ulipwe fidia ya haki, kamili na bila kucheleweshwa, na uwe na nafasi ya kwenda mahakamani. Anayesimamia utwaaji ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Lazima itangaze kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha iite kikao cha kusikiliza madai, na tangazo la kikao litoke angalau siku 15 kabla. Mimi ni karani tu wa wakili, lakini faili hizi nazishika kila siku.

07:15 Njeri Ploti 14: Kikao hicho ndicho kila kitu. Barabara ilipopita kwa mama yangu, alienda mikono mitupu. Aliongea vizuri hadi watu wakampigia makofi. Hakuna aliyeandika. Miparachichi yake 11 haikuhesabiwa hata mmoja. Bado inaniuma. Dai liwe la maandishi, lifike kabla ya kikao au siku yenyewe, na nakala yako igongwe muhuri.

07:19 Mama Zawadi: Taito, yaani hati ya ardhi, iko kwa jina la Baba Zawadi, naye yuko Doha. Mimi nitasikilizwa?

07:21 Njeri Ploti 14: Utasikilizwa mama. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaja mke au mume wa mwenye taito, na hata mtu anayekaa pale. Ile kazi ya mandazi pia idai: gharama ya kuhama na mapato yanayopotea huhesabiwa. Juu ya bei ya soko huongezwa asilimia 15 ya usumbufu.

07:24 Baba Tito: Na ghorofa niliyoongeza mwaka jana?

07:28 Njeri Ploti 14: Hapo jiandae. Kilichojengwa ndani ya miaka 2 kabla ya tangazo hakihesabiwi mpaka uthibitishe ulijenga kwa nia njema, si kwa kuwinda fidia. Tafuta kibali cha ujenzi, risiti za saruji, malipo ya fundi kwenye simu.

07:33 Mzee Odhiambo: Mimi sina taito. Nina cheti cha sheya (hisa) cha kampuni iliyotuuzia ardhi, 1994.

07:40 Njeri Ploti 14: Mzee, usimpe mtu yeyote cheti chenyewe halisi. Katiba inaruhusu mkaaji wa nia njema asiye na taito afidiwe, ingawa si lazima kama kwa mwenye taito, kwa hiyo utahitaji wakili. Sote tufanye sachi, yaani tutafute rekodi za ploti zetu, kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, leo, tujue kuta ziko ndani ya ploti au kwenye hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengewa barabara. Kama ni hifadhi, mambo hubadilika, fidia ni ngumu. Hata hivyo, kuhamishwa kwenye ardhi ya umma kunahitaji notisi ya miezi 3, na unaweza kuipinga mahakamani.

07:44 Baba Tito: Kijana ameniuliza kwa nini sitii sahihi. Nimemwomba kitambulisho cha kazi na barua iliyomtuma. Amesema ameviacha kwa gari.

07:51 Baba Tito: Gari limeondoka.

08:20 Mzee Odhiambo: Cheti nimekipata chini ya godoro. Panya wamekula pembe, lakini namba ya ploti inasomeka.

08:22 Njeri Ploti 14: Kiweke kwenye bahasha, Mzee. Nakuja nikipige picha kabla ya kwenda kazini.