Sababu ya kifo haionekani, niandike nini kwenye ripoti?

Kisu_Butu: Wakuu, naombeni ushauri. Mwanamume, miaka 31, kafia usingizini, mlango umefungwa kwa ndani. Hana jeraha. Moyo gramu 340, mishipa yake iko wazi, ubongo kwa macho hauna kitu. Damu haina pombe wala sumu. Nikiandika "sababu haijabainika" si nitaonekana sikufanya kazi?

Zamu_ya_Usiku: Mishipa ya moyo uliikata vipande kila milimita 3, au uliipasua kwa urefu? Mkasi ukipita kwa urefu unasukuma donge la damu, na upana wa mshipa huupimi tena.

Mama_Hadubini: Vipande vya moyo umepeleka vingapi? Uvimbe wa misuli ya moyo unaoletwa na virusi hukaa kwa madoa. Kipande kimoja kinaweza kuukosa. Chukua kuta za pande zote mbili na ule wa katikati.

Mzee_Taratibu: Vijana mnaogopa neno "sijui". Ndugu wa marehemu wanastahili ukweli.

Kichwa_Maji: Maiti haina haraka. Bosi ndiye anayo 😂

Zamu_ya_Usiku: Kisu, damu uliitoa pajani au moyoni? Kuna dawa ambazo baada ya kifo huhama kutoka ini na mapafu, kiwango cha moyoni kikapanda.

Kisu_Butu: Moyoni, madonge tu. Pajani haikutoka. Maiti ilinifikia ikiwa imeshapigwa fomalini, dawa ya kuhifadhia. Ila rasimu ina "kushindwa kwa moyo" na mpelelezi kaisoma. Si uongo, moyo ulisimama.

Mama_Hadubini: Wa nani haukusimama? Hiyo si sababu, ndiyo kufa kwenyewe.

Jicho_Kali: Ngojeni. Mwili umejaa fomalini, halafu damu "haina sumu"? Hili ni swali la mtihani. Maabara ilikuta methanoli, ile pombe yenye sumu? Dawa ya kuhifadhia maiti kwa kawaida huwa nayo.

Kisu_Butu: Ilikutwa. Sikuitaja kwa sababu si ya marehemu.

Kichwa_Maji: Mtihani unaanza saa ngapi?

Jicho_Kali: Uwe mtihani usiwe, futa "haina sumu". Eleza kuwa maiti ilikuwa imehifadhiwa, na fomalini huharibu sayanidi na dawa kadhaa. Peleka ute wa jicho, mililita 2 au 3. Sukari hushuka baada ya kifo, kwa hiyo ikikutwa juu sana, fikiria kisukari. Kipimo cha vinasaba (DNA) kilitaka wengu mbichi uliogandishwa. Kwenye fomalini DNA hukatikakatika. Kifafa je?

Kisu_Butu: Mama yake alitaja vidonge vya degedege. Niliviacha, ulimi haukuwa na alama ya meno.

Mama_Hadubini: Unatuambia sasa! Ulimi mzima haukanushi kifafa. Vidonge gani, na kwenye kichupa vilibaki vingapi?